Matunzo, Nyumba na Usalama: Makao ya Wanyama Katika Mji wa Mombasa

(Mhadhara kwa umma, Mombasa)



Mmeacha shughuli zenu za jioni mkaja kusikiliza habari za mbwa na paka. Najua wamo humu wanaowapenda wanyama hawa. Wamo pia waliokuja kwa sababu mbwa wa mtaani wamewachosha: wanabweka usiku kucha, wanapasua mifuko ya taka, wanawafukuza watoto njiani. Maneno yangu ni ya makundi yote mawili. Kusudi langu ni kuonyesha kwamba makao ya wanyama ya mji ni kituo cha afya ya umma, sawa na zahanati au kisima cha maji safi. Kumtunza mnyama aliye ndani, kumtafutia nyumba, na kumlinda mtoto anayekwenda chuoni kusoma Kurani alfajiri ni kazi moja. Ukiigawa kwa ofisi tatu zisizosemezana, zote tatu zinaharibika. Nitalieleza hilo kwa hoja tano, na nawaomba msinisubiri nimalize ndipo mkune vichwa. Mwenye swali aliandike.

Hoja ya kwanza: kazi hii ina mwenyewe

Naanza na sheria kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu mbwa wa mtaani huanza na swali la nani ashughulike, yakaishia hapo hapo. Katiba ya Kenya ya 2010 imekwisha kulijibu. Katika Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, panapoorodheshwa kazi za serikali za kaunti, pamoja na masoko, barabara za kaunti na huduma za afya, umo udhibiti na ustawi wa wanyama. Humo zimetajwa leseni za mbwa, na vilevile mahali pa kuwaweka wanyama, kuwatunza na kuwazika. Juu ya hayo tuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na sheria maalumu ya kichaa cha mbwa, Sura ya 365. Ndugu zetu wa Tanzania nao wana Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008.

Pamoja na hayo, kwa muda mrefu kazi yenyewe imebebwa na watu wa hisani. Chama cha kulinda na kutunza wanyama tunachokijua kwa herufi zake, KSPCA, chimbuko lake ni 1910 mjini Nairobi, enzi za mikokoteni ya ng'ombe, na mpaka leo wananchi wengi wakimwona mnyama aliyegongwa na gari huwapigia simu hao kabla ya kuikumbuka kaunti. Nawaheshimu sana. Lakini hisani ikiachiwa wajibu wa serikali bila fedha za serikali, huwa inaumia, na historia ya miji mingine imetuonyesha.

Jijini New York, mwaka 1877, mbwa waliokamatwa mitaani walikuwa wakitiwa katika tundu kubwa la chuma na kuzamishwa mtoni. Miaka kumi na saba baadaye, 1894, chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama cha mji huo, kilichoanzishwa na Henry Bergh mwaka 1866, kilichukua kazi ya kukamata na kuhifadhi mbwa ili angalau ifanywe kwa ubinadamu. Kiliibeba kwa takriban karne moja. Katikati ya miaka ya 1990 kikaitua. Watu walioingia katika chama hicho ili waokoe wanyama walikuwa wamegeuka kuwa wauaji wao wakuu kwa niaba ya mji, kwa fedha zisizotosha kufanya lingine. Mji wa Calgary nchini Kanada ulishika njia nyingine: ada ya leseni ya mbwa inarudi katika huduma ile ile, na mbwa mwenye leseni akipotea hupelekwa kwao. Mwenye mbwa anaona shilingi yake imefanya nini. Leseni za mbwa zimo katika Katiba yetu pia. Kinachokosekana ni kuzifunganisha na huduma ambayo mlipaji anaiona kwa macho.

Kwa hiyo nasema wazi: kaunti ndiyo mwenye kazi. Inaweza kuifanya yenyewe, au ikawapa watu wa hisani kwa mkataba ulioandikwa na kulipiwa. Kuwaachia tu haifai.

Hoja ya pili: matunzo ni hesabu ya siku

Twendeni mpaka langoni. Asubuhi gari limeleta mbwa jike wa rangi ya kahawia kutoka kando ya soko. Kamba ya nailoni aliyofungwa tangu mdogo imemkata shingoni, nyama imeanza kuifunika. Mhudumu wa makao yanayoendeshwa vizuri hamtupi ndani ya banda akaenda kunywa chai. Anampima uzito. Anatazama meno akakisia umri, anatazama ufizi akajua kama ana damu ya kutosha, anapima joto. Anampa chanjo pale pale mezani, kabla hajapita mlango wa pili. Anampa dawa ya minyoo na ya kupe, anapiga picha, anaandika kadi. Kidonda kinasafishwa na daktari. Kisha anapelekwa upande wa wageni, mbali na waliokwisha kukaa.

Kwa nini chanjo iwe siku hiyo hiyo? Kwa sababu ya maradhi yanayoangamiza makao yote kwa wiki moja. Ugonjwa wa parvo ulijulikana duniani mwaka 1978 tu, lakini virusi vyake vinaweza kukaa sakafuni na katika udongo kwa miezi mingi. Mtoto wa mbwa anaharisha damu, siku ya pili hanyanyuki. Dawa ya klorini inaviua virusi hivyo, ila haifanyi kazi juu ya uchafu: lazima kwanza kinyesi kiondolewe, sakafu isuguliwe kwa sabuni, ndipo klorini imwagwe na kuachwa dakika kadhaa. Na mpangilio wa kusafisha una maana yake. Anaanza mhudumu na watoto wazima, kisha wakubwa wazima, kisha wageni, wagonjwa mwisho. Akienda kinyume, viatu vyake ndivyo vinavyosambaza ugonjwa.

Hapa pwani kuna jambo la ziada ambalo michoro ya kutoka nchi za baridi hailitazami. Mabanda lazima yapate upepo wa kusi na kivuli cha mchana, na mfereji wa maji machafu usipite kutoka banda moja hadi la pili, maana masika yakifika maji hayo yatatembea kila mahali.

Sasa hesabu. Katika taaluma hii kuna kipimo kinachotumika Marekani, kwamba kila mnyama anahitaji angalau dakika 15 kwa siku za kusafishiwa na kulishwa tu, mbali na dawa na mazoezi. Wanyama 100 ni dakika 1,500, yaani saa 25. Hao ni wahudumu watatu zamu nzima ya saa nane, na bado saa moja haina mtu. Ukiona makao yana mbwa 100 na mhudumu mmoja, usiulize kama wanateseka.

Na idadi ya wanyama ndani haitegemei tu wangapi wanaingia. Inategemea pia kila mmoja anakaa siku ngapi. Tuseme wanaingia watano kwa siku na kila mmoja anakaa siku 20. Siku yoyote utakayokwenda utawakuta kama 100. Ukipunguza siku zikawa kumi, watakuwa 50, na wameingia wale wale watano kila siku, na hakuna tofali lililoongezwa. Siku hizo hupotea wapi? Mara nyingi katika mambo madogo: mbwa mzima anamngojea daktari wa kumhasi anayekuja mara moja kwa wiki, anangojea picha yake ibandikwe, anangojea sahihi ya ofisa aliye safarini. Kila siku ya kungoja ni chakula, ni maradhi ya kuambukizana, na ni banda ambalo mwingine angelipata. Waheshimiwa wa bunge la kaunti, mkiletewa ombi la kujenga mabanda zaidi, nawasihi muulize kwanza wastani wa siku za kukaa. Kama hakuna anayeujua, fedha za ujenzi zisitoke.

Hoja ya tatu: nyumba inayofaa

Kumtafutia mnyama nyumba huanza kwa kuitafuta ile aliyotoka. Mbwa wengi wanaoonekana mitaani wana wenyewe. Hawana uzio tu. Kwa hiyo siku za mwanzo ni za kumngoja mwenyewe, na kumngoja maana yake ni kutangaza: picha, mahali alipookotwa, nambari ya simu ya kituo kwenye ubao wa msikiti, wa kanisa, wa duka la karibu. Mwenyewe akija, asipewe mbwa bila chanjo, na asidhalilishwe kwa maneno. Akitishwa, safari nyingine hatakuja, na mbwa atabaki kwetu.

Asiyetokea mwenyewe hutafutiwa mtu mpya. Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu mji wetu una hali yake.

Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Wapo wanaodhani kwamba kwa hukumu hiyo kituo kama hiki hakina mahali Mombasa. Masheikh waliopo hapa wanajua kuliko mimi kwamba fikihi hiyo hiyo inaruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda, na hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake, hufundishwa watoto chuoni. Mtu anaweza kumweka mbwa nje ya nyumba yake, akajilinda na najisi, na bado akamtendea haki. Nami ninaongeza la kazini: makao yoyote yatakayoajiri vijana wa Mombasa yawape glavu na nguo maalumu za zamu, na pale bombani pawekwe ndoo ya udongo safi, ili kijana amalize zamu yake, ajitwaharishe, aende msikitini bila shaka moyoni. Gharama yake haifiki popote, na itatupa wahudumu ambao vinginevyo tutawakosa.

Wengi wanaokuja kutaka mbwa hapa kwetu wanataka mlinzi. Sioni ubaya. Ninachouliza ni ataishije. Mbwa anayefungiwa kibanda cha giza mchana kutwa akafunguliwa usiku hafundiki kulinda. Anafundika kuogopa, na anayeogopa huuma, na wa kwanza kuumwa huwa mtoto wa nyumba au mtu wa maziwa. Kwa hiyo maswali yanayomhusu mwombaji ni ya kawaida kabisa. Lango linafunga? Mwenye nyumba ya kupanga amekubali? Nani atampa maji mkisafiri? Kuna mtoto mdogo? Na masharti ni machache: mbwa hatoki kabla hajahasiwa na kuchanjwa kichaa, na akishindikana anarudishwa kwetu, hatupwi. Anayerudisha apokewe kwa heshima, maana maelezo yake ya namna mbwa alivyokaa katika nyumba halisi yana thamani kuliko mtihani wowote tuliompa.

Nasema hivyo kwa sababu. Kwa miaka mingi makao ya Marekani yalikuwa yakimpima mbwa tabia kwa kumchokoza: kumwondolea sahani kwa mkono wa bandia akiwa anakula, kumwonyesha mwanasesere mfano wa mtoto. Akinguruma, ameanguka. Mwaka 2016 Gary Patronek na Janis Bradley waliandika uchambuzi uliohoji mitihani hiyo, wakisema haibashiri vizuri zaidi ya kurusha sarafu. Mbwa aliyeshindishwa katika kelele za makao si mbwa yule atakayekuwa uani. Kinachosaidia ni historia yake ikipatikana, jinsi anavyokwenda na mhudumu kila siku, na kumpeleka kwa familia ya kumlea kwa muda tukaona. Familia kumi za namna hiyo katika mji ni sawa na mabanda kumi yasiyojengwa.

Kuhusu paka nitapita upesi. Paka wa Mji wa Kale na wa soko la samaki hawahitaji makao. Wana makao tayari, na watu wanaowatupia vichwa vya samaki kila siku. Wanahitaji kukamatwa, kuhasiwa, kuchanjwa, kukatwa ncha ya sikio ili wajulikane, na kurudishwa pale pale. Kuwajaza ndani ya mabanda ni kuwaua kwa mafua.

Hoja ya nne: mbwa aliyeuma

Nimefika mahali penye uzito. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na takriban wote kwa kuumwa na mbwa. Wanne katika kila kumi wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Hapa Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa mara ya kwanza kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi, mwaka 1912. Chanjo ya kumwokoa aliyeumwa ilikuwepo tayari: Louis Pasteur alimchanja mtoto Joseph Meister tarehe 6 Julai 1885. Tangu siku hiyo mpaka leo, anayepata matibabu mapema huishi, na anayengoja dalili zitokee karibu hapana anayepona. Wazazi, nisikilizeni katika hili hata kama mtasahau mengine yote: kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Pilipili, mafuta ya taa na kahawa havina kazi pale.

Makao ya wanyama yanaingia wapi? Yanaingia katika siku kumi. Virusi huanza kutoka katika mate siku chache tu kabla mbwa hajaonyesha dalili, na akishazionyesha hafiki mbali, anakufa. Ndiyo maana mbwa aliyemuuma mtu akifungwa na kutazamwa, na akabaki mzima kwa siku kumi, tunajua kwamba siku alipouma hapakuwa na virusi mateni. Aliyeumwa anakuwa ameanza chanjo siku ya kwanza bila kungoja. Lakini daktari wake akiletewa habari kwamba mbwa yu mzima, anaweza kusimamisha dozi zilizobaki. Familia inaokoa fedha, na hospitali inaokoa dawa ya mgonjwa mwingine.

Sasa tazameni tunavyofanya mtaani. Mbwa ameuma, vijana wamemfuata kwa mawe na rungu, wamempasua kichwa, wamemtupa jaani au wamemchoma moto. Hasira yao naielewa. Lakini siku kumi zimepotea, na hata uchunguzi umepotea, kwa sababu maabara ya mifugo, kama ile ya Kabete, inahitaji ubongo wa mbwa usiosagwa, uliofikishwa ukiwa kwenye barafu. Mama wa mtoto hatajua lolote, na itambidi amalizishe chanjo zote akiwa na hofu kila usiku.

Na hapa ndipo ninapoomba mnifuate kwa makini, kwa sababu ndicho kiini cha mhadhara huu. Siku kumi za kumtazama mbwa zina faida mahali penye matunzo mazuri tu. Mkimweka mbwa aliyeuma katika makao machafu, akapata parvo siku ya nne akafa, mtasema alikuwa na kichaa? Akipata ugonjwa wa distempa, utamshika mishipa ya fahamu, atatetemeka na kutoa povu, dalili zinazofanana sana na kichaa. Usafi wa yule mhudumu niliyemweleza, anayeanza na wazima akaishia kwa wagonjwa, ndio unaompa daktari wa hospitali jibu la kuaminika. Vilevile, siku kumi zinahitaji banda la peke yake lenye milango miwili, ambalo mbwa anasafishiwa bila kuguswa. Banda hilo halipatikani kama mabanda yote yamejaa mbwa wazima wanaongojea sahihi. Kwa hiyo ofisa anayechelewesha karatasi za kuwapeleka mbwa katika nyumba mpya anahatarisha maisha ya mtoto aliyeumwa, na haijui hatari hiyo, kwa sababu katika utaratibu wetu wa sasa yeye na hospitali hawana kadi moja wanayoisoma wote.

Kadi hiyo iwe na mambo machache: nani kaumwa na sehemu gani ya mwili, mbwa alichokozwa au alishambulia tu, amechanjwa au la, siku ya kwanza hadi ya kumi, kila siku sahihi ya aliyemwona akila na kunywa. Nakala moja makaoni, moja hospitali, moja kwa ofisa wa mifugo wa kaunti ndogo.

Wapo watakaouliza kama ninakataa mbwa yeyote kuuawa. Sikatai. Mnyama mwenye maumivu yasiyotibika, na mbwa aliyemjeruhi mtu vibaya bila kuchokozwa na ambaye hakuna mpango salama wa kumweka, hupewa sindano ya mwisho: dawa ya usingizi mzito katika mshipa, kwa mkono wa mtu aliyefunzwa. Uamuzi uwe wa watu wasiopungua wawili, uandikwe kwenye kadi pamoja na sababu. Mhudumu aliyemlisha mbwa huyo wiki tatu asilazimishwe kumshika wakati huo, ila aombe mwenyewe. Watu wa kazi hii huumia, na wakiumia mno huwa wagumu wa moyo, na ugumu huo wanyama waliobaki wanauona.

Hoja ya tano: sumu na risasi hazilindi mji

Mbona tusiwaondoe wote? Swali hili linaulizwa katika kila kikao, na linastahili jibu la hesabu.

Ili kichaa kikatike, inatakiwa mbwa 70 katika kila 100 wawe wamechanjwa. Tuseme mmefanikiwa, mna 70. Kisha inatoka amri, mbwa 20 wanauawa. Wanaouawa kwanza ni wanaokamatika, yaani wale waliozoea watu, na hao ndio waliochanjwa. Tuseme 15 kati ya hao 20 walikuwa na chanjo. Mmebaki na mbwa 80, wenye chanjo 55. Chakula jaani ni kile kile. Mbwa jike hubeba mimba siku zipatazo 63 tu na huweza kupandwa mara mbili kwa mwaka. Baada ya muda mfupi watoto 20 wamejaza nafasi, na hakuna aliyechanjwa. Sasa mna mbwa 100, wenye chanjo 55. Mmetumia fedha kuufanya mji uwe hatarini kuliko mlivyoukuta. Na sumu ya kutega kwenye nyama haichagui: inaokotwa na paka, na kunguru, na inaweza kuokotwa na mtoto, na mnyama anayekufa kwayo hutetemeka akiwa na fahamu zake zote.

Istanbul walijaribu kwa ukubwa usiowahi kuonekana. Mwaka 1910 watawala wa mji huo walikusanya makumi ya maelfu ya mbwa wa mitaani wakawapeleka kisiwa cha mawe cha Sivriada, kisicho na maji, wakaachwa wafe kwa njaa na kiu. Zaidi ya miaka mia moja baadaye Uturuki bado inazozana juu ya mbwa wa mitaani.

Linganisheni na jirani yetu wa karibu. Kisiwani Pemba, kwa kampeni za kuwachanja mbwa zilizoanza mwanzoni mwa muongo wa 2010, kichaa kilikatika mwaka 2014. Kampeni zikalegea. Mwaka 2016 kikarudi kutoka nje ya kisiwa, na watu wakafa. Chanjo ikarudishwa kwa nguvu, na kufikia mwishoni mwa 2018 kikakatika tena. Pemba hawakumaliza mbwa wao. Waliwachanja, na walipoacha waliona matokeo ya kuacha. Mombasa ni mji wa daraja, wa feri na wa barabara kuu ya Nairobi. Mbwa wanaingia kila siku, kwa urahisi kuliko Pemba. Hatuna ruhusa ya kulegea hata mwaka mmoja.

Yaliyo mbele yetu

Mheshimiwa Mwenyekiti, mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai, na makadirio ya bajeti hufikishwa bungeni kabla ya mwisho wa Aprili. Kati ya hapo kuna vikao vya wananchi, ambavyo mara nyingi tunavihudhuria kwa habari za barabara na taa peke yake. Safari hii naomba twende na mambo manne yaliyoandikwa: mkataba unaolipiwa kati ya kaunti na taasisi yoyote inayobeba kazi ya makao, mabanda ya kutazamia mbwa waliouma, yaliyotengwa na yasiyotumiwa kwa kazi nyingine, daktari wa kuhasi wa kila siku, siyo wa mara moja kwa wiki, na ile kadi moja, itakayosomwa na makao, hospitali na ofisi ya mifugo.

La tano halihitaji bajeti kubwa. Tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur, huadhimishwa duniani kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa, na nchi yetu imejiwekea lengo la kuutokomeza ugonjwa huu ifikapo 2030. Nimezungumza na baadhi ya walimu waliopo hapa. Siku ya chanjo, kila mbwa aliyechanjwa atapakwa rangi mgongoni isiyotoka upesi. Kesho yake asubuhi mapema, wanafunzi wa sekondari wawili wawili, pamoja na mtu mzima, watatembea katika mitaa iliyopangwa, wakihesabu mbwa wenye rangi na wasio na rangi, bila kumgusa yeyote. Penye chini ya 70 katika 100, wachanjaji warudi wiki hiyo hiyo. Hesabu za kila wadi zisomwe hadharani mbele ya bunge la kaunti, wadi kwa wadi, na mwakilishi wa kila wadi aeleze yake. Orodha ya mitaa ya Kisauni, Likoni, Changamwe, Jomvu, Nyali na Mvita iko mezani pale mbele. Walimu na wazee watakaoweza kuchukua mtaa mmoja mmoja waandike majina yao kabla hawajaondoka. Sasa nayangoja maswali yenu, na ningependa nianze na ndugu zangu wa hospitali.